Lesi Kuanzia Kwapani

Shangazi yangu alifuma masweta ya shule kwa miaka thelathini na moja, na mtaani walimwita Kompyuta. Si kwamba alikuwa nayo, wala hakuwahi kuigusa. Ni kwa vile aliweza kushika hesabu ya vitanzi mia mbili kichwani huku anamsengenya mtu, anamfukuza paka na kumjibu mteja aliyesimama mlangoni. Ukimkatiza, alimaliza sentensi yake, akamaliza na mstari wake, ndipo akakugeukia.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya kibanda cha fundi viatu. Kulikuwa na kitanda, kabati, jiko la gesi la mafiga mawili, na kiti cha mbao kilichosogezwa dirishani kwa ajili ya mwanga. Uzi wa sufu ulikaa ndani ya foronya zilizofungwa mafundo, kila rangi na foronya yake. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa na miaka minne. Masweta hayo ndiyo yaliyomsomesha yule mtoto mpaka akawa fundi wa lifti katika mji mwingine, na kila aliyempongeza shangazi alijibiwa, "Mimi nilifuma tu. Aliyepanda ni yeye."

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Wazazi wangu walipoondoka duniani, mmoja baada ya mwingine, yeye ndiye aliyebaki kuwa nyumbani kwangu. Nilikwenda kwake kila Jumamosi nikitoka kazini idara ya maji, ninakunywa chai yake, ninasemwa kwa nywele zangu, ninarudi nimetulia. Naomba hilo lijulikane mapema, maana nilichofanya baadaye sikukifanya kwa ajili yake peke yake.

Mambo yalianza kwenda mrama taratibu. Chai ikawekwa chumvi, tukacheka. Akaniuliza baba yangu anaendeleaje, baba aliyezikwa miaka tisa iliyopita; hapo sikucheka. Mzazi mmoja akarudisha sweta la mwanawe lenye mkono mmoja uliofika kwenye kiwiko na mwingine uliopita vidole. Shangazi akamwambia mtoto ndiye mwenye kasoro. Mimi nikajitia hamnazo, kwa sababu jambo usilolitaja huwa unaona kama halijafika.

Kisha akainjika sufuria ya maji, akatoka kwenda kununua vifungo, akasahau njia ya kurudi. Fundi viatu aliona moshi dirishani, akapanda ngazi akavunja kitasa. Sufuria ilikuwa imeungua mpaka kitako kikatoboka, na pazia limeanza kushika moto. Shangazi alipatikana saa mbili baadaye kwenye benchi la kituo cha basi, na vifungo mkononi, amekasirika kwamba mtaa umehamishwa.

Mwanawe akaja kesho yake. Ni mtu mpole, mzito wa maneno, na sitamfanya kuwa mbaya hapa ili hadithi yangu inoge.

"Mama, unahamia kwangu," alisema. "Chumba kipo, mwenzio, mke wangu, yupo nyumbani mchana kutwa."

"Huyo si mwenzangu, huyo ni mkwe wangu, na mabega yake kama bondia," shangazi akajibu. "Mimi kwangu ni hapa."

"Mama, ungeungua."

"Nani hajawahi kuunguza sufuria? Mkeo hajaunguza?"

"Hajapotea akienda kununua vifungo."

 Nilimwona shangazi anatazama kiti chake, halafu dirisha, halafu foronya zake. Aliponyanyua uso, alikuwa na sura ile ya kubishana na wazazi wa shule.

"Nilimwahidi mkeo sweta siku ya harusi," alisema. "Lile la kawaida, lenye lesi juu. Nipe wiki nne. Mtu aliyechanganyikiwa anaweza kufuma lesi? Nikilimaliza sawasawa, uniache kwangu. Nikishindwa, unichukue hata kwenye gunia."

Mwanawe alinitazama mimi, kwa kuwa yeye hajui kushika sindano ya kufumia. Nikamwambia ni haki. Tukakubaliana hivyo, watu wazima watatu.

Sweta lenyewe ni jepesi mno, ndilo la kwanza nililofundishwa baada ya skafu. Ni vipande viwili vya mraba, cha mbele na cha nyuma. Hakuna mikono ya kuunganisha, mabega yenyewe ni mapana yanashuka. Unaanzisha vitanzi tisini na sita na kupanda bila nakshi yoyote hadi kwapani, kazi ambayo shangazi angeifanya akiwa na homa. Kuanzia kwapani ndipo lesi inaanza. Unazungusha uzi kwenye sindano ili utoke tundu, na papo hapo unafunga vitanzi viwili pamoja, ili idadi ibaki ileile. Tundu moja, fundo moja. Ukisahau kufunga, sweta linapanuka. Ukifunga mara mbili, linasinyaa. Hakuna kingine cha kujua ila kukumbuka ulipofika.

Jumamosi ya kwanza alikuwa amefika kiunoni. Ya pili vipande vyote viwili vilikuwa vimefika kwapani, uzi wa rangi ya zambarau uliolala sawa kama maji ya kwenye beseni. Nilipitisha kiganja juu yake na moyo wangu ukashuka mahali pake. Hata fundi viatu alipiga kelele kutoka chini, "Kompyuta, bado unamfumia mkweo au umeshafuma blanketi la ukoo mzima?" Shangazi akamwambia afunge mdomo asije akajishona. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi ya tatu alinikabidhi vipande vimekwisha.

"Nimewahi kabla ya wakati," alisema. "Kaniunganishie mabega na mbavu, unipigie na pasi ya mvuke. Macho yangu hayapendi kushona mabega."

Nilivitandika kitandani. Chini ya kwapa ilikuwa kazi yake. Juu yake sijui niite nini. Kulikuwa na matundu pasipo na mpango, mengine makubwa ya kupitisha kidole gumba, mengine ni vitanzi vilivyodondoka kwenye sindano na kuporomoka mistari sita chini, bila kushikwa na chochote. Nilihesabu mstari wa mwisho. Themanini na mbili kipande cha mbele, mia moja na saba kipande cha nyuma. Ungeliosha mara moja tu, lingeachia lote.

"Nakshi gani hii, shangazi?" nikauliza.

"Mpya. Nimeibuni." Alikuwa anatabasamu. "Ukizoea masweta ya shule utaijulia wapi?"

Nikasema nzuri. Nikavikunja nikavitia kwenye mfuko.

Njia nzima nilimkasirikia. Nilikasirika kwamba hakuona, na kwamba mimi nimeona. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha yasiyo yangu. Ningempigia simu binamu yangu siku ileile, jambo lingekwisha kwa adabu. Lakini nilifikiria Jumamosi zangu, nikafikiria ngazi zile bila mtu juu yake, nikaona siwezi. Nilipofika nyumbani nilifumua lesi yote hadi kwapani, vipande vyote viwili, nikavichukua vitanzi vyake tisini na sita kwenye sindano zangu, nikaanza upya.

Nilifuma wiki nzima. Nilifuma saa ya chakula cha mchana nikiwa nimeegemea rafu ya mafaili, na foleni ya watu wenye malalamiko ya bomba ikinitazama. Shida haikuwa nakshi. Shida ilikuwa kwamba kila mfumaji ana mkazo wake wa uzi, kama mwandiko, na wa kwangu ni wa kubana. Wa shangazi ni wa kulegea, vitanzi vyake vinapumua. Basi nikaulegeza uzi kwa makusudi, nikawa ninafuma kama mtu anayeigiza sauti ya mwingine kwenye simu. Mara nyingine nilifumua mistari kumi kwa sababu mmoja ulinisaliti. Ijumaa nilishona mabega na mbavu, nikalipiga pasi ya mvuke, nikalining'iniza mlangoni. Kwa macho yangu lilikuwa sweta la mtu mmoja.

Binamu yangu alifika Jumapili mchana. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kuchukua zabuni za shule, na wanja machoni. Nikatoa sweta kwenye mfuko.

Binamu yangu alilishika kwa ncha za vidole, mtu wa grisi, anaogopa kulichafua. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, na lesi ikaonekana, mistari yote imepangika.

"Mama," alisema, na macho yakamjaa machozi. "Basi. Mimi nimeshindwa. Nitakubadilishia jiko, nikuwekee la umeme linalojizima. Dada huyu hapa atapita kila siku badala ya Jumamosi tu. Unakaa kwako."

Roho yangu ikateremka. Nilikuwa tayari ninafikiria chai. Shangazi akanyoosha mkono.

"Hebu nilione."

Akavaa miwani. Akaliweka magotini, akapitisha kidole gumba kutoka chini kwenda juu, polepole, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu nikiwa na miaka kumi. Kidole kikapanda kiunoni, kikapanda mbavuni, kikafika kwapani kikasimama. Kikarudi chini kidogo. Kikapanda tena, kikasimama palepale.

"Huu mkazo si wangu," alisema.

"Shangazi, mvuke wa pasi ndio umelibadilisha," nikasema haraka.

"Mvuke haubani uzi." Akanitazama juu ya miwani. Hakukuwa na ukungu wowote machoni mwake wakati ule, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Umefuma wewe. Ulijitahidi kulegeza, nakuona. Hapa ukachoka, ukarudi kwenye tabia yako."

Mwanawe alinigeukia, kisha akamgeukia yeye. Nilimtazama shangazi kwa macho ya kuomba. Nilitaka aseme amekosea, acheke, amtukane fundi viatu, chochote. Neno moja tu lilitosha, na kiti kile kingebaki dirishani.

"Langu liko wapi?" akauliza.

"Nililifumua."

"Kwa nini?"

 Akangoja. Sijawahi kumdanganya akiwa ananingoja hivyo.

"Lilikuwa baya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Baya sana?"

"Lisingeshika. Vitanzi vilikuwa vimedondoka."

 Chini nyundo ya fundi viatu ilikuwa ikigonga soli, ikanyamaza, ikaanza tena. Nilidhani amesahau tulichokuwa tukizungumza, na Mungu anisamehe, nilitamani iwe hivyo.

"Mimi nililiona zuri," alisema hatimaye. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetoa taarifa kwa daktari. "Nililitazama kila siku, nikaliona zuri."

Mwanawe akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika kifundo cha mguu. "Mama, si neno. Tunaweza kuongea."

"Tuongee nini? Mtu akikosea akajua amekosea, atachunga. Mimi sikujua."

Akatafuta mkasi kwenye kikapu chake, akakata nyuzi nilizoshonea mabega. Kisha akatafuta ncha ya uzi pale juu, akaanza kuvuta. Lesi yangu ya wiki nzima ikaachia mstari kwa mstari, na uzi ukawa unajirundika magotini mwake umejikunja. Nilipiga magoti kando ya mwanawe nikaanza kuuviringisha donge, kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Hakuna aliyemzuia. Nililia bila kuficha, na yeye hakunikemea, yeye aliyekuwa na maneno hata kwa nywele zangu.

Alipofika kwapani, mbele na nyuma, aliacha kuvuta. Akachukua sindano, akavipandisha vile vitanzi kimoja kimoja bila kudondosha hata kimoja, akafunga ukingo ili visifumuke tena.

"Mimi nimeishia hapa," alimwambia mwanawe, akimwonyesha kwa kidole. "Mpelekee mkeo hivihivi, akalivae kiunoni wakati wa baridi. Begi langu liko juu ya kabati. Nishushie."