Tano, Tano, Tano

"Ningefanyaje sasa, dada? Nimwambie mzee wa watu asubiri kwanza, naongea na simu?"

"Ungemwambia shikamoo ukaendelea. Huku Mwanza tunafanya hivyo kila siku."

"Huku si Mwanza."

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anasoma chuo Mwanza mambo ya kompyuta. Leo jioni nilimpigia nikiwa nyuma ya jiko la shangazi, hapa Bugene, tukaanza kugombana hata salamu hazijaisha. Alitaka kujua imekuwaje nifeli kitu alichonieleza kwa mdomo wake mwenyewe juzi Jumamosi.

Kitu chenyewe ni kidogo. Mwalimu wetu wa darasa la kompyuta alitupa zoezi: andika programu, mtu aingize urefu wa pande tatu za pembetatu, programu imwambie ni ya aina gani. Pande zote sawa, pande mbili sawa, au zote tofauti. Basi. Lakini kompyuta hazitutoshi, kwa hiyo akasema ambaye programu yake itakosea atampisha mwingine anayesubiri nje. Na mimi nikitoka darasani sina cha kunikalisha Bugene. Shangazi alinipokea kwa sababu ya darasa. Likiisha, narudi kwetu Kimuli kwenye migomba, kama wenzangu wa kidato cha nne waliorudi wakasema wanapumzika kidogo. Mpaka leo wanapumzika.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Kwetu mtandao unapatikana juu kilimani tu, kwenye njia ya kwenda kilabuni kwenye pombe ya ndizi. Nikapanda na karatasi, maana mwalimu anataka tuandike kwa mkono kwanza, nikampigia dada. Akaanza vizuri kabisa.

"Programu inauliza maswali kwa kufuatana," akasema. "Ikipata ndiyo, inatoa jibu, inasimama hapo hapo. Haiulizi tena. Umeelewa? Sasa sikiliza, hapa ndipo watu wanapokosea."

Hapo ndipo alipotokea jirani yetu, rafiki wa marehemu babu, na fimbo yake.

Kwetu msichana hamsalimii mzee akiwa amesimama. Unapiga magoti, na huinuki mpaka amalize. Simu sikioni ni matusi. Nikaiweka kwenye nyasi nikapiga magoti. Akaitikia, akaanza kuuliza kwa Kinyambo, taratibu, kama hana pa kwenda: mama, wadogo zangu, mguu wa baba, ndama. Yule wa madoa anaendeleaje? Vizuri. Ananyonya? Ananyonya. Huku namsikia dada ndani ya nyasi, sauti ndogo kama inzi kwenye chupa, anaeleza tu na kueleza.

"Na huko Bugene unasoma nini?"

"Kompyuta, babu."

"Vizuri. Soma, mjukuu wangu. Usiwe na haraka."

Nilipookota simu dada alikuwa anasema, "Ukifuata mpangilio huo hutakosea," halafu salio likaisha. Nilishuka mpaka dukani, vocha hakuna. Basi nikapanga maswali mwenyewe. Kwanza: kuna pande mbili zilizo sawa? Pili: zote tatu ziko sawa? Niliona ndivyo mtu anavyohesabu, mbili halafu tatu.

Leo mwalimu akaijaribu. Akaingiza tatu, nne, tano. Ikasema zote tofauti. Nne, nne, saba. Ikasema pande mbili sawa. Nikaanza kuvuta pumzi. Akaingiza tano, tano, tano.

Pande mbili sawa.

"Hii pande ngapi ziko sawa?" akauliza.

"Tatu, mwalimu."

"Programu yako inasema mbili."

"Lakini mwalimu, kama tatu ziko sawa, hata mbili ziko sawa. Haijasema uongo."

Mwalimu ni kijana wa Bukoba, hana maneno mengi. "Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

"Watatu."

"Akija mtu akakuambia ni wawili, utasema hajadanganya?"

"Labda mmoja kauzwa, mwalimu," mtu akasema nyuma, na darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa bado nacheka mwalimu alipotoka barazani kumwambia msichana anayesubiri kwamba kesho aje akae kwenye kiti changu.

"Kwa hiyo muda wote ule nilikuwa naongea na nani?" dada akauliza kwenye simu.

"Na nyasi."

"Basi nyasi za Kimuli zimefaulu." Alicheka peke yake. "Ni kuhamisha swali moja tu, mdogo wangu. Lile la pande zote tatu kuwa sawa litangulie. Mengine yote uliyoandika ni sahihi."

Afadhali angeniambia yote ni mabovu. Ningerudi nyumbani nikijua sikuwa na kichwa cha mambo hayo. Sasa narudi kwa sababu ya mstari uliokaa chini badala ya juu.

Nilimtumia mwalimu meseji. Akajibu: Pole, nafasi imejaa. Shangazi ameweka mche wa sabuni mlangoni, akasema nikiondoka kesho nimpelekee mama.

Nimeiandika upya. Nimeipitisha kwa kidole, tano, tano, tano, na inajibu zote sawa. Haisaidii, lakini inajibu.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda pikipiki ya kurudi Kimuli, nitamvizia mwalimu mlangoni mwa darasa. Siku ya kwanza alitukataza kumpigia magoti, akasema yeye si mzee. Nitapiga. Nitashika karatasi, na sitainuka mpaka aisome, au anikatalie kwa mdomo wake na si kwa meseji. Najua atakataa. Nitasikiliza mpaka amalize, nitajifuta vumbi magotini, halafu nitarudi kwa shangazi kuchukua sabuni ya mama.