Bukari Ndani ya Radiata

Mama Kapinga alizaliwa Lubumbashi, akaolewa Lubumbashi, akamzika mume wake Lubumbashi. Kasai, walikotoka wazazi wake, hakuwahi kuiona hata kwa picha. Lakini mwanzoni mwa mwaka tisini na tatu watu wa mtaa wake walikuja kumwambia arudi kwao. Kwao wapi, jamani? Walivunja mlango, na katika kukimbia binti yake Séphora akakanyaga bati. Siku ya tisa mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini, unanuka. Masista wa misheni moja ya njia ya Kasapa, alikoendesha trakta miaka kumi na moja, waliwapokea, pamoja na mamia ya wenzao waliolala uani wakingoja gari moshi la kwenda Kasai. Mguu ule ulitaka kisu cha daktari, lakini kwa Mkasai njia ya hospitali ya mji ilikuwa imefungwa, na daktari mwingine alikuwa mbali. Kulikuwa na ndege moja ndogo, yenye nafasi moja.

Ndege ikaja saa moja asubuhi, ikazunguka mara mbili juu ya uwanja wa ndege wa misheni, ikaenda zake. Majani yalifika kifuani mwa mtu! Rubani akasema kwa redio kwamba atarudi saa nane, mara ya mwisho, na uwanja ukiwa haujakatwa hatatua.

Mama Kapinga akarukia trakta. Kalikuwa katrakta kadogo, visu vyake vinazunguka chini ya tumbo. Tangu Wakasai wafukuzwe kazini mji mzima, miezi miwili sasa, kaliendeshwa na Papa Mulenga, mtunza bustani, mtu wa hapa hapa na rafiki yake wa siku nyingi. Njia ya kwanza ikakatwa vizuri. Ya pili, mshale wa joto ukaanza kupanda. Ya tatu haikuisha: mshale kwenye nyekundu, mvuke puu! Akazima, akaruka chini.

Alianza na makosa ya kawaida. Wavu wa mbele ulikuwa umeziba kwa mbegu za majani, akaupangusa. Mkanda wa feni akaubonyeza kwa kidole, ulikaza sawasawa. Akainua visu juu kidogo ili injini isibebe mzigo wote. Akawasha, akakata hatua hamsini, mshale ukapanda tena. Saa nne imepita! Kule verandani Séphora alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lilimtisha zaidi.

Akangoja ipoe kidogo, akafungua kizibo cha radiata kwa gunia bichi, maji yapo. Akainama akalegeza bomba la chini. Badala ya maji, kikatoka kitu kizito, cheupe, polepole. Akakigusa. Akakinusa. Mungu wangu! Ilikuwa bukari, ugali mtupu.

"Papa Mulenga!" alipiga ukelele. "Njo nini hii?"

Mulenga akaja akitabasamu, maskini, hajui. "Njo bunga, Mama Kapinga. Radiata ilikuwa inavuya, na bati ya kuchomea haina tena mu muji. Nikatia bunga kidogo. Ikaacha kuvuya!"

"Kidogo?"

"Vikombe tatu. Kila juma."

Mama Kapinga akafuta kidole kwenye gunia. Kila fundi wa mji alijua ujanja ule: unga kiganja kimoja, ufike tu nyumbani. Lakini vikombe vitatu kila juma! Na watoto wa Mulenga walilala njaa, yeye mwenyewe aliwaona. Mtu amewanyima wanawe chakula akaipikia trakta, kusudi asiambiwe ameharibu kazi ya rafiki yake. Alitaka kumtukana, akashindwa.

"Leta mayi," alisema. "Mayi yote iko kwa kisima."

Walioleta maji walikuwa wanawake wa uani, na aliyetangulia ni Mama Clotilde, jirani yake wa mlango kwa mlango, aliyembeba Séphora mgongoni utotoni. Wakamwaga ndoo baada ya ndoo, kutoka chini kwenda juu, mpaka uji ule ukaisha na maji yakatoka safi. Bila shaka tundu nalo likafunguka. Sasa ilivuja kama kikapu, lakini maji yalipita. Mama Kapinga akakata nusu upana, polepole, na kila mwisho wa uwanja Mulenga alimngoja na bidoni la maji, injini ikinguruma, akiongeza. Saa nane kasoro dakika chache, njia ya mwisho ikaisha.

Ndege ikasikika. Na uani kote wakaisikia.

Walitoka mbio, mamia, na magodoro, sufuria, watoto mgongoni, wakajaa juu ya uwanja ule aliouokoa yeye. Kila mmoja alitaka nafasi ile moja. Ndege ikashuka, ikaona watu, ikapanda tena. Ikazunguka.

Mama Kapinga hakufikiri. Alikuwa bado juu ya trakta. Kanuni ya kwanza aliyowafundisha wote waliogusa trakta ile ilikuwa hii: mtu akikaribia, zima visu. Hakuzima. Akakanyaga mafuta, akawaendea katikati, akipiga kelele kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya mama yake, maneno ambayo hata leo hakuna anayeyarudia. Majani na mawe yaliruka. Watu wakapasuka pande mbili, wakianguka juu ya vyombo vyao. Alikwenda hadi mwisho wa uwanja, akageuka, akarudi tena, mpaka injini ikakwama pembeni mwa uwanja na mvuke ukamfunika.

Ndege ikatua. Mulenga akambeba Séphora, akamwingiza. Dakika tano, na ikaondoka.

Visu vilikuwa vimesimama. Hatua mbili mbele yake, kwenye majani mafupi, Mama Clotilde alikuwa ameketi, kiatu kimoja hakipo.

"Kapinga," alisema taratibu. "Kama singetoka mu njia, ungenikata?"

Mama Kapinga alifungua mdomo aseme hapana. Hapana haikutoka.