Chumvi ya Kwaresima

Mama aliahidi kuacha chumvi Jumatano ya Majivu, hata majivu hayajafutika kwenye paji la uso wake. Baba alikuwa ameshuka Beni na lori kutafuta mafuta ya mawese, waasi wakakata barabara nyuma yake, na hatukupata habari tena. Basi Mama akamwambia Mungu: siku arobaini nyumba hii haitaonja chumvi, nawe umrudishe mume wangu kabla ya Pasaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuna aliyeniuliza.

Wiki ya kwanza haijaisha, chumvi ikaadimika Butembo nzima. Malori yaliyoileta hayakupita tena, na kila jiko likapika maharagwe chapwa, la mlevi na la mtu wa sala. Nilidhani Mama angeshukuru kwamba ahadi yake imekuwa rahisi. Alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Alikwenda kwa katekista, nami nikamfuata. Yule mzee akamtuliza kwamba Kwaresima ni kujinyima, na kwamba Mungu anapokea hata kunyimwa.

“Hapana,” Mama akamjibu. “Kitu banakunyanganya, ile si sadaka. Sadaka ni kitu iko mu mukono yako, na unaiacha.”

Siku ileile alichukua kitenge chake cha Pasaka akaenda kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, aliyekwama kwetu na gari lake. Akamweleza anataka chumvi ili asiile. Yule bwana hakucheka. Alisema mtu hafungi chakula asichokuwa nacho, akapokea kitenge, akampimia kikombe kimoja.

Kikombe kikawekwa katikati ya meza. Kila jioni tulikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha huku tukikitazama. Subira huvuta heri, walisema watu wazima. Yangu ilivuta mate tu. Ijumaa tulipiga magoti kituo baada ya kituo kwenye Njia ya Msalaba, na mimi niliwaza maharagwe. Nilimchukia katekista, nikawachukia waasi, na Mungu mwenyewe sikumwacha nyuma.

Alhamisi Kuu kengele zilinyamaza, vibao vikagongwa badala yake. Nilisingizia tumbo nikabaki nyumbani. Nikachovya kidole kwenye kikombe, nikalamba, nikachovya tena. Kisha nikasawazisha chumvi juu kwa kijiko.

Pasaka ikafika, Aleluya ikaimbwa, na Baba hakuja. Mama alitia chumvi kwenye maharagwe, akapakua sahani zote, ya Baba pia. Nilikula haraka, na nilijichukia kwa jinsi yalivyokuwa matamu. Yeye hakugusa yake. Alingoja wadogo zangu watoke nje, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayeungama kwa padri.

“Mwanangu, ni mimi niliharibisha. Ijumaa Kuu nilionjaka ile chumvi. Kidogo tu. Ni juu ya ile papa yako hakurudia.”

Ningeweza kumwambia kwamba nilimtangulia kwa siku nzima. Nilivuta sahani yake nikaendelea kula. Baba hakurudi kamwe, na Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila Kwaresima nilipiga magoti kando yake, nikamsikia akijipiga kifua kwa ngumi, nami nikanyamaza mpaka tulipomzika.