Uso wa Unga wa Mchele

Mtu akishalaza kichwa chake mbele ya magoti yangu, ni mali yangu mpaka nimwachie. Hasemi, hacheki, hapigi chafya. Niliwahi kumfinya sikio mfalme mzima wa jukwaani kwa sababu alitaka kuniuliza ni saa ngapi. Unga wa mchele na chokaa, uliosuguliwa mpaka ukalainika kama uji wa mtoto, naupandisha mstari juu ya mstari kutoka kidevuni hadi karibu na masikio, halafu naubandikia karatasi nyeupe iliyokatwa kama mwezi mchanga. Unga ukiwa mbichi, neno moja tu linaupasua. Ukipasuka ubandue wote uanze upya, na wapiga ngoma hawamngoji mtu.

Damodaran hakuwahi kulala mbele yangu kwa miaka yote niliyomjua, na tulijuana tangu utotoni, kwa mwalimu mmoja. Aliletwa na mama yake, Parukutti, mjane, kwa sababu chuo cha kathakali, mchezo wetu wa kusimulia hadithi kwa ngoma na mikono, kilikuwa na wali na kwao haukuwepo. Mwalimu alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi. "Kidevu hiki cha kike," akasema. Basi ikawa hivyo.

Tulifundishwa mambo mamoja mwanzoni. Alfajiri tulitiwa samli machoni tukayazungusha mpaka yakauma. Msimu wa mvua tulilala chini tumepakwa mafuta, mwalimu akatukanyaga mgongo kwa miguu yake mpaka nyonga zifunguke. Tulisimama kwa kingo za nyayo, magoti yametanuka. Mimi nyonga zangu zilikataa kabisa, nikapewa bakuli la unga. Waliobaki waligawanywa: hawa wafalme, watarukaruka, hawa mashetani, watanguruma, na Damodaran akaambiwa abane magoti, apunguze hatua, ayumbe polepole. Alifundishwa uke, na akaujua kuliko wanawake wenyewe.

Kwetu mtu akishakuwa mwanamke jukwaani hatoki tena. Wenye sherehe wanamwagiza kwa jina. Hana haja ya unga wangu pia, maana uso wa kijani na kingo nyeupe ni wa wafalme wema. Wanawake wanapakwa rangi laini tu na kufunikwa kitambaa kichwani. Na kazi ya mke, katika ule wimbo wa polepole wa mwanzo, ni kusimama. Mfalme anamweleza kwa mikono kwamba uso wake ni mwezi na macho yake ni samaki, mstari mmoja unaweza kuivisha sufuria ya wali, naye mke amesimama, mkono kiunoni, anasikiliza. Damodaran alisimama hivyo miaka thelathini.

"Kelu," aliniambia mara moja akivua bangili, "leo nimeambiwa natembea kama tembo jike, na aliyeniambia ananuka vitunguu."

Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nimemwona nyuma ya ghala la mpunga, peke yake, akiruka miruko ya mfalme, jasho linamtiririka, na aliponiona akajifanya anafukuza kuku.

Mama yake naye hakuachwa. Penye bwawa la kuogea wanawake wenzake walimtania, "Parukutti, binti yako hajambo?" Naye alikuwa na ulimi: "Hajambo, anamsalimu mumeo." Ila nyumbani alikuwa akimwambia mwanawe, "Nitakufa sijakuona na taji." Hilo alinisimulia Damodaran mwenyewe, na hakucheka.

Mwaka ule, wiki ya sherehe ya hekalu lililo ng'ambo ya mto Nila, mfalme wetu Sivaraman akashikwa na homa ya manjano. Mkuu wa kikundi aliangaza macho huku na huku: nani anaujua ufalme wote kwa moyo? Kila mtu alitazama chini. Damodaran akasema, "Mimi." Alikuwa na miaka arobaini na kitu, tumbo limeanza kujitokeza. Siku hiyohiyo alimtumia mama yake salamu, na mdogo wake Kesavan akaahidi kumleta kwa gari la ng'ombe.

Alasiri ya sherehe akalala mbele yangu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwenye banda la kuvalia, nje ya ukuta wa hekalu, mkeka umetandikwa, na nyuma yangu kiambaza cha makuti. Kijani alishajipaka mwenyewe.

"Mama amefika?" akaniuliza.

"Bado. Nyamaza sasa."

"Akifika umwambie akae mbele."

"Damodaran, funga mdomo huo au nikubandike pamoja na masharubu."

Akafunga. Nikaanza shavu la kushoto. Alitulia kama aliyelala, na wengi hulala kweli. Nilikuwa nimemaliza shavu lile, unga ungali mbichi, niliposikia hatua nyuma ya kiambaza, na sauti ya Kesavan inakatika.

"Kaka yuko wapi? Mama ametutoka. Mchana huu, tukitoka nyumbani."

"Shh!" Huyo alikuwa Nambisan, wa kamati ya hekalu. Sijawahi kuwapenda watu wa kamati. Wananong'ona kwa sauti ya kuuzia samaki. "Punguza sauti, bwana. Umemwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani? Nimekuja kumchukua. Yeye ndiye mkubwa, ndiye wa kuwasha moto wa mazishi."

"Kijana wangu, nisikilize. Yule mwingine ana homa ya manjano, huyu ukimwambia hakanyagi uwanja wa hekalu. Watu wametoka vijiji vyote. Tutawaonyesha nini, mapazia? Asiyesikia hana msiba. Hiyo ni sheria, sikuitunga mimi."

Ni kweli, ni sheria yetu. Mfiwa ana mwiko. Haingii hekaluni mpaka siku zake ziishe. Lakini mwiko unaanzia masikioni. Mtu wa mbali asiyepata habari anakula, anasali, anacheza, na hana kosa. Ndiyo maana kwetu wapo wanaokimbia mwenye habari kama wanavyokimbia mbwa kichaa.

"Mama alale peke yake usiku kucha?" Kesavan alikuwa analia sasa.

"Halali peke yake, mna majirani. Kesho asubuhi, akishavua taji, nitamwambia mwenyewe, kwa adabu. Unafikiri namfanyia ubaya? Mtu huyu amengoja kiti hiki umri wake wote. Wewe ndiye utakayekuja kumnyang'anya?"

Hatua za Kesavan zikarudi kwenye gari. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile wa mbali walikuwa wameshaingia wote, mfiwa mwenyewe amelala chini anapakwa unga.

Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, yanatazama paa. Mdomo ulikuwa umefungwa vilevile nilivyouamuru. Kisha mkono wake ukainuka polepole kutoka kifuani. Sisi tunazo ishara ishirini na nne za mikono, na kwazo tunasema kila kitu kilichopo duniani. Akafanya ishara ya mama. Akaishikilia hapo hewani kitambo. Kisha akafanya ishara ya kwenda bila kurudi, na vidole vikashuka kifuani.

Ningetamka neno moja, mimi ndiye ningekuwa nimempa habari, na mchezo umekwisha. Nikinyamaza, namzika hai ndani ya unga wangu. Nilihisi hasira: kwa Nambisan, kwa sheria, na hata kwa Parukutti kwa kuchagua mchana ule kati ya michana yote ya Mungu.

Chozi likatoka pembeni mwa jicho, likaelekea kwenye kijani. Nililiwahi kwa kona ya kitambaa. La pili likaja, nikaliwahi. Nikaona sitashinda. Basi nikachukua mbegu ndogo ya ua la chunda, ile wachezaji wanayojiwekea chini ya kope ili macho yawe mekundu. Huwekwa mwishoni kabisa, wakati wa kuvaa. Nikamwekea papo hapo, jicho moja, kisha la pili.

"Mbegu hii kali leo," nikasema kwa sauti, ili walio nje wasikie. "Inamtoa machozi."

Halafu nikangoja. Nilikuwa nimeshika unga kidoleni na sikumgusa. Nilisema moyoni, akiinuka sasa, nitambandua mwenyewe na kumsindikiza mpaka mtoni. Nje ng'ombe wa Kesavan alikuwa anatafuna. Damodaran alivuta pumzi ndefu puani. Kisha akageuza kichwa taratibu, akanielekezea shavu la pili.

Nikalibandika, na mkono wangu haukuwahi kuwa safi kama siku ile.

Walimvisha sketi ile pana, wakamfunga taji linalolemea shingo. Nambisan alikuja kumtazama, akampapasa bega. "Leo ni leo, mwalimu," akasema, na nilitamani kumtia bakuli la unga kichwani. Damodaran akainamisha kichwa kwa heshima. Taa kubwa ilishawashwa, ngoma zinaita. Nyuma ya pazia, wawili wakiwa wamelishika, alikwenda akasimama upande wa kushoto, magoti yamebana, mkono kiunoni.

Kijana Vasudevan, aliyevaa umalkia badala yake, alimnong'oneza kwa woga, "Mwalimu, samahani. Hapo ni pangu."

Damodaran alitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Kisha akasogea kulia, akatanua magoti, akasimama kwa kingo za nyayo. Pazia likashuka.

Alicheza vizuri mno, na sisemi hivi kwa kuwa amefiwa. Mfalme anapomweleza malkia uzuri wake, hutakiwa kumtazama malkia. Damodaran alitazama mbele, juu ya mwali wa taa, pale wazee wanapoketi kwenye mikeka. Watu walisema, ona mfalme huyu, anamwona mke wake kila mahali. Wanawake watu wazima walijifuta macho kwa ncha za nguo.

Asubuhi alibandua unga mwenyewe, vipande vikaanguka mapajani. Nambisan akaja na Kesavan, akakohoa, akaanza maneno yake ya adabu: mwalimu, kazi ya Mungu haina makosa. Nilimwona Damodaran anajiandaa. Aliyelia kwa ajili ya malkia wote wa hadithi zetu, alikuwa anatafuta uso wa mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, na haupatikani. Alikunja paji, akalikunjua.

"Lini?" akauliza mwishowe, kama anayeuliza bei ya nazi.

Kesavan ndiye aliyemwokoa, bila kujua. "Jana, kaka. Nilikuwa nimeshampakia garini. Amevaa nguo yake ya sherehe. Akaniambia, 'Kesavan, macho yangu hayaoni mbali, uniweke mbele kabisa.' Halafu akaniegemea. Nikadhani amesinzia."

Hilo halikusemwa nyuma ya makuti. Damodaran aliinama juu ya vile vipande vya unga, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia jukwaani. Nambisan akanigeukia, macho yake yamelowa. "Maskini," akasema. "Afadhali hakujua."

Mpaka leo vijiji vile vinasimulia hivyo, na Damodaran hawezi kuwasahihisha. Akisema alijua, hekalu lilinajisiwa, kikundi kimeaibika. Hata mke wake hajui. Kila mwaka, siku ile, watu humpongeza kwa bahati yake, naye hushukuru.

Sivaraman alipona, taji likarudi kwa mwenyewe. Damodaran akarudi kusimama kushoto, kusikiliza kwamba uso wake ni mwezi. Miaka kadhaa baadaye mkuu wa kikundi alimpa tena ufalme, safari hii bila mtu kuugua, kwa heshima tu. Mimi nilikuwa nimeketi kando, nasugua mchele. Nilitandika mkeka kabisa, nikausogeza kwa mguu.

Damodaran aliutazama mkeka. Akasema, "Mpe Vasudevan."

Kisha akaniangalia, mkono wake ukainuka kidogo kifuani, ukaanza ile ishara ya mama, na akauteremsha kabla haijatimia.