Upande wa Kaburi

Nimeigiza walinzi wanne, polisi wawili, mlevi asiye na jina na maiti moja. Hiyo maiti niliipata kwa sababu wenzangu wote waliogopa kulala ndani ya jeneza. Mimi nililala, na usingizi nikaupata humo humo. Sokoni Oyugis watu hunikodolea macho, kisha wananiuliza, "Wewe si ulikuwa karani pale hospitali?" Nikiwaambia mimi ni mwigizaji, wanacheka na kuendelea kunipimia nyanya.

Rafiki yangu hakuwahi kuulizwa hivyo. Tulianza pamoja Migori, katika kikundi cha kuwaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani, tukizunguka shule hadi shule. Mimi ndiye niliyemfundisha kulia jukwaani bila kujipaka kitu machoni. Miaka ikapita, yeye akawa sura ya kwenye mabango, mimi nikawa yule anayemfungulia lango. Nilimwonea kijicho, na sitafuti neno la adabu zaidi. Kila siku yangu ya kuzaliwa alikuwa akinipigia simu, na mimi nilikuwa naiacha iite mpaka ichoke.

Halafu ikaja ile filamu iliyopigwa karibu na Magunga, hadithi ya familia inayogombania boma baada ya baba kufa. Yeye alipewa kifungua mimba wa marehemu. Mimi nilipewa mzee wa ukoo, yule anayeonyesha mahali pa kuchimba kaburi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ukurasa mzima wa maneno. Ningepaswa kucheza kwa furaha, lakini roho iliniuma. Yeye, mtoto wa wafanyabiashara waliohamia Migori, aliyeokota Kijaluo chake dukani kwa mama yake akipima sukari, ndiye awe mwana wa boma letu? Na mimi niliyezaliwa ndani ya boma nishike fimbo tu?

Kwetu, ukitoka mlangoni mwa nyumba, mwanamume huzikwa upande wa kulia na mwanamke upande wa kushoto. Hilo hata mtoto analijua. Asubuhi ile upande wa kulia ulikuwa na kivuli. Mwongozaji, mgeni wa kutoka Nairobi, akaamua kaburi lichimbwe kushoto penye jua, na vijana aliokuja nao wakachimba. Rafiki yangu akanisogelea akiwa tayari na nguo zake za msiba.

"Omera, ndugu yangu, ni upande huu kweli?"

Nilimtazama. Nikamwona ameangukia kaburi la mwanamke akimlilia baba, na Homa Bay nzima inamcheka.

"Ni huu," nikamwambia. "Wewe lia tu."

Filamu ilionyeshwa Homa Bay Jumapili alasiri, ili Wasabato waje na Wakatoliki wawe wametoka misa. Nilivaa koti langu la harusi, nikakaa mstari wa tatu. Uso wangu ukajaa ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, nami nikajipenda. Nikajiona nikiinua fimbo, nikionyesha kushoto, nikisema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi wiki mbili, "Mwanangu, baba yako atalala hapa."

Nyuma yangu mama mmoja akapiga kofi la mshangao. "Yawa! Huyu mzee ni wa wapi? Anazika mwanaume kwa upande ya bibi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kijicho kilikuwa kimenisahaulisha kwamba fimbo iliyoonyesha ilikuwa yangu. Kila nilipotokea tena, walicheka upya. Lakini rafiki yangu alipoliangukia lile kaburi na kulia, walinyamaza, na mama yule yule akawa anajifuta macho kwa leso.

"Huyu mtoto hana makosa," akasema. "Ni huyo mzee amempoteza."

Taa zilipowashwa watu walitaka kujua aliyefanya uzembe ule. Rafiki yangu akachukua kipaza sauti. "Kosa ni letu sisi wote," akasema. "Mzee alisoma tu alichoandikiwa." Wakampigia makofi. Na hata hapo, nikiwa nimekingiwa kifua mbele ya watu wote, nilimwonea wivu kwa makofi hayo.

Nje, penye kreti za soda, alinifungulia moja akanipa. Nilikuwa nimeshaandaa majibu: jua, mwongozaji, wale vijana. Nilingoja anitukane ili tugombane yaishe. Hakupandisha sauti.

"Omera," akasema, "mimi nilikuuliza."

Akaenda kusalimia watu. Ile soda sikuimaliza.

Siku yangu ya kuzaliwa ilipofika, niliiweka simu mezani tangu asubuhi, nikakaa karibu nayo. Haikuita.