Msingi wa Mama Ramzi

Mume wa Fauqia alipokufa alimwachia nyumba ya chini mjini Mansura, Misri, na nondo zimesimama wima juu ya paa. Za Ramzi, mtoto wao, siku akioa apandishiwe ghorofa. Sasa Ramzi alikuwa na mchumba, na wakwe walishasema: bila nyumba, hakuna harusi.

Mtaa mzima ulijenga bila kibali. Fauqia, mwoga wa serikali tangu azaliwe, akasema yeye atafuata sheria. Walimcheka mpaka wakachoka.

Mchoraji wa bei poa akamchorea uso wa nyumba: roshani, maua, hata paka dirishani. Karani wa manispaa akauinua wenzake wauone.

"Hajati, umeniletea keki ya harusi! Mipaka ya kiwanja iko wapi? Ngazi? Maji machafu yanakwenda wapi? Nguzo zina unene gani, na zimesimama juu ya nini?"

"Juu ya msingi, mwanangu."

"Mbona siuoni?"

"Si uko chini ya ardhi?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Washenzi wale.

Akamtafuta mhandisi wa kweli, Shenuda, mtu asiyechora asichokiona. Shenuda akachimbisha shimo kando ya nguzo ya pembeni. Fauqia akasimama na sinia ya chai, akitabasamu, maana marehemu aliusifia msingi ule miaka ishirini. Chini ya nguzo palikuwa na vipande vya matofali na udongo laini. Basi.

"Usiuchore hivyo, baba," alinong'ona. "Chora unavyotakiwa uwe."

"Nikichora uongo, Mama Ramzi, nitakuwa nimemzika mwanao na mkewe."

Akachora ukweli wote, kila kipimo. Karani safari hii hakucheka. "Hii ndiyo ramani!" alisema, akagonga muhuri wa kupokea. Wiki ya pili ikaja amri: msingi ni hatari, nyumba ibomolewe. Siku ileile wakwe wakarudisha pete.

Sheria ni msumeno, wanasema. Mtaani kwao ulikuwa na meno upande mmoja.

Siku ya kubomoa, jirani yake Haji Shaabani, mwenye ghorofa tano na karatasi hana hata moja, aliinama kutoka roshanini.

"Si nilikwambia, Mama Ramzi? Serikali haikuijua nyumba yako mpaka ulipowachorea!"

Fauqia aligeuka amtafute mwanawe. Ramzi alimpita na godoro begani, na mpaka leo hajamsemesha mama yake.