Kiota Kilichochelewa

Docus Laker alikwenda pwani ya Kenya kwa ajili ya harusi, si kwa ajili ya kasa. Jirani yake wa Kyebando, jijini Kampala, Maimunah, alikuwa anamwoza mpwa wake karibu na Malindi. Docus, mjane aliyelinda mlango wa supamaketi moja ya Kabalagala miaka nenda miaka rudi, akaomba likizo amsindikize. Bahari alikuwa hajaiona.

Asubuhi baada ya harusi alitembea ufukweni, akamkuta mwanamume anajenga kivuli cha makuti juu ya mchanga mtupu. Jina lake Khisa, msimamizi wa watu wanaojitolea kulinda mayai ya kasa.

"Mimi pia ni askari," Docus akamwambia. "Wewe wanakulipa ngapi?"

"Silipwi, mama."

Jibu hilo lilimkaa kichwani. Kesho yake alirudi, na Khisa akamkabidhi kiota kimoja: afukuze mbwa, azuie wageni wasikikanyage. Kiswahili chake cha kambi ya polisi alikokulia kiliwachekesha wenyeji, lakini akisema "Wewe, simama hapo!" hakuna aliyethubutu kusogea.

Sherehe zilipokwisha, Maimunah akarudi nyumbani. Docus akabaki, kwa kuwa mayai yalitarajiwa kuanguliwa wiki hiyo. Hayakuanguliwa. Likizo ikaisha, na Oola, mkubwa wake wa kazi, akapiga simu, akamwita kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Mama Ochan, uko wapi? Kesho uko zamu."

"Afande, niongeze siku kidogo. Mayai hii bado."

"Mayai gani?"

Akamweleza. Oola akasema nafasi haitamngoja. Docus akamshukuru, akakata simu, akarudi kukaa kando ya kiota. Hakuwahi kukosa zamu, hata wiki aliyomzika mumewe.

Siku zikapita bila dalili yoyote, hadi Khisa akaamua kukifukua. Harufu iliwafikia kabla hajafika chini. Mayai mengi yalikuwa yameoza. Chini kabisa walikuwamo vitoto wachache, wazima, wamenaswa katika mizizi. Khisa akawatoa mmoja mmoja akawaweka mchangani. Mmoja akageukia nchi kavu, na Docus akainama kumwokota.

"Mwache atembee mwenyewe, mama."

Akamwacha, ingawa ilimuudhi. Alitembea nao akiwatishia kunguru kwa kanga yake, mpaka wimbi likamchukua wa mwisho. Ikawa basi. Alisimama kidogo, viatu vikalowa.

Kampala alikuta mlango wake una askari mwingine. Baada ya kuhangaika akapata kazi ya geti katika shule moja ya msingi huko Mengo, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

"Yaani umepoteza kazi kwa mayai yaliyooza?" Maimunah alimwuliza, wakiwa wamekaa uani.

"Si yote yaliyooza."

"Na hao waliotoka, watakukumbuka?"

"Hapana," Docus akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Shule ilipofunga muhula, alipanda basi la Mombasa, na tangu hapo huenda kila mwaka. Safari iliyopita bahari ilikisomba kiota chake chote siku chache tu baada ya kupewa. Khisa alitaka kumpa kingine, lakini hakikuwapo. Docus akamsaidia kuokota takataka ufukweni hadi Ijumaa, kisha akakata tiketi ya kurudi.